Pikipiki Kubwa ya Njia ya Pinga

Kijana akija kunisalimia hapa Mweso na pikipiki yake, simtazami usoni kwanza. Natazama mguu wake wa kuume, upande wa ndani, chini ya goti. Nikikosa kovu la bomba la moshi, najua huyu bado mgeni kazini. Mwenye kovu namvutia kiti, tunaongea.

Basi vuteni viti wote, wenye kovu na wasio nalo. Mnaniuliza kila mara kazi yetu ilikuwaje wakati wa Wabelgiji, na kila mara nawajibu kwa mkato kwa sababu mna haraka. Leo mvua imewafunga hapa, na mimi sina pa kwenda.

Nilikuwa muganga wa njiani. Hatukuwa tunangoja mgonjwa kwenye kiti, tulimfuata kwake. Tulichoma sindano za buba, tulifunga vidonda, na baadaye, dawa mpya ilipokuja, tuligawa vidonge vya ukoma. Mwanzoni nilitembea kwa miguu. Halafu nikapewa kile ambacho watu wa milima hii walikiita katukutuku, kwa sauti yake. Kalikuwa na pedali kama za baiskeli, na injini ndogo kuliko chungu cha kupikia mboga ya sombe. Kwenye tambarare kalikimbia vizuri. Lakini niambieni, Masisi yetu hii ina tambarare wapi?

Aliyenifundisha ni Papa Gaspari, dereva mzee wa lori la serikali. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti ndogo. Siku ya kwanza alinikalisha juu ya katukutuku, akaniziba masikio kwa viganja vyake, akasema, "Sasa endesha."

"Papa, sisikii kitu."

"Ndiyo, njo vizuri. Masikio inadanganywa na upepo. Injini unaisikiliza na makalio."

Nilicheka, nikatumbukia mtaroni. Lakini alikuwa amesema kweli. Mpaka leo najua buji, ile plagi ya kuwasha injini, inayotaka kufa kabla haijafa, kwa jinsi kiti kinavyotetema. Alinifundisha pia kuweka buji ya akiba mfukoni mwa shati, karibu na kifua, si kwenye sanduku, kwa sababu mwili wa mtu haushindwi na ukungu. Na kwenye udongo mwekundu uliolowa, breki ya mbele uisahau kama deni la marehemu. Teremka na injini. Acha ikushikilie yenyewe.

Mlima wa kwenda Nyamitaba katukutuku hakakuuweza hata siku moja. Nilikanyaga pedali, nikakanyaga, halafu nikashuka nikasukuma. Kina mama waliotoka shambani na vikapu vya viazi mgongoni walinipita.

"Papa Muganga, tukutuku yako imechoka?"

"Hapana, Mama. Inapumuzika tu."

"Basi leta tuibebe mugongoni, sawa na mutoto."

Na kweli waliisukuma pamoja nami, huku wakinipa habari. Kwa fulani mtoto hanyonyi. Kwa fulani mzee ameanza kukohoa. Nilipofika juu nilikuwa nimeshajua nyumba za kuingia. Mara nyingi nilikuwa pia nimeshakaribishwa kula, maana anayekusaidia kusukuma hawezi kukuacha uende na njaa. Jioni nilirudi nyumbani hapa Mweso. Mke wangu, Viktorina, aliisikia sauti ya katukutuku tangu ng'ambo ya bonde, kama nyuki ndani ya kopo, ikipanda polepole. Aliweka maji ya bugali motoni. Nilipokuwa nafika mlangoni, ndipo alikuwa anageuza bugali sahanini. Hatukuwa tumejaliwa mtoto bado, na nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Lakini watu wawili wanaokula bugali ya moto ni nyumba iliyojaa.

Na mimi, vijana, sikuridhika. Kila nikisukuma nilitamani pikipiki ya mabwana wa mashamba ya kahawa, ile inayopanda mlima bila kubadili sauti.

Siku moja daktari akaniita. Alikuwa Mbelgiji mrefu, wa maneno machache, anayejua Kiswahili cha kutosha kwa kazi. Akaniongoza nyuma ya ofisi, akafunua turubai. Ilikuwa imesimama pale, nyeusi, tangi lake kama kifua cha fahali.

"Anselmi, hii ni yako. Ile ndogo itaenda kwa mwingine."

Siwezi kuwadanganya, machozi yalinilenga. Nilipanda, nikaipiga teke, ikanguruma, na makalio yangu hayakuelewa neno hata moja. Ilikuwa lugha nyingine. Papa Gaspari alikuja kuitazama. Aliizunguka mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni.

"Ile ndogo ukikosea, inakuangusha," akasema. "Hii ukikosea, inakulalia."

Kisha daktari akatandika ramani mezani. Kidole chake kikatoka Mweso, kikashuka milima kuelekea msituni. Nikangoja kisimame. Kikapita mahali ambapo mimi sikuwahi kufika, kikaingia Walikale, kikafika Pinga, na bado kikaendelea kidogo.

"Na pikipiki hii," akasema, "utaweza kufika huku kote."

Sikuwa nimewaza hilo. Mwenye nguvu mpya hupewa mzigo mpya, na hakuna anayekuuliza kama uliomba mzigo au nguvu tu.

Viktorina aliipenda pikipiki siku ya kwanza, kwa ajili yangu. Alipitisha kitambaa juu ya taa yake. Lakini jioni ya kwanza niliyorudi nayo nikitokea karibu, alinitazama mlangoni kwa mshangao. "Sikukusikia," akasema. "Nimekusikia ukiwa tayari uko hapa." Maji yalikuwa baridi bado. Tulicheka, tukangoja bugali pamoja. Baadaye hatukuwa na la kungojea pamoja, maana safari za Pinga zilichukua wiki, na wiki zikashikana.

Njia ya Pinga ya wakati ule mngeiona mngesema ni mto uliokauka. Unashuka kutoka kwenye majani ya ng'ombe na baridi, unaingia msituni, joto linakushika shingoni, na anga linapotea. Vijiji viko mbali mbali. Pikipiki kubwa ilivipita upesi. Watu waliisikia wakaruka pembeni, kuku wakaruka pembeni, nikabaki mimi na vumbi langu. Hakuna aliyeniuliza kama imechoka. Nilifika mahali pa kazi, nikachoma sindano, nikaandika majina, nikaondoka, kwa sababu sehemu nyingine ilikuwa inaningoja. Watu wa kule walikuwa wema. Wakulima na wawindaji, wakristo wa kanisani, na wengine wakiendelea na mambo ya wazee wao ambayo hawakuyaeleza kwa mgeni. Lakini kwao nilikuwa sauti inayokuja na sauti inayoondoka.

Nilianza kuongea peke yangu. Kwanza niliimba nyimbo za misa. Baadaye nikawa naiambia pikipiki habari za Viktorina. Siku nyingine nilisimama katikati ya msitu bila sababu, nikaizima, nikasikiliza. Sijui nilitaka kusikia nini. Ndege mmoja mbali, maji, basi.

Nilirudi mara moja nikakuta nyumba imefungwa na majani yameota mbele ya mlango. Jirani akaniambia Viktorina yuko kwa mama yake, Nyamitaba. Nikapanda mlima ule uliokuwa ukinishinda. Pikipiki kubwa iliupanda bila kubadili sauti, kama nilivyotamani, na sikupishana na mtu wa kunipa habari hata moja. Nilimkuta mke wangu akipalilia maharage. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Umenikimbia?" nikamuuliza.

"Hapana. Sikukukimbia wewe. Nilikimbia nyumba." Akatazama mbali kidogo. "Ukiwa peke yako ndani, unaanza kusikia sahani. Unasikia hata moto. Hapa kuko mama, kuko maharage, kuko watoto ya kaka yangu. Wewe ukipata siku, kuja. Niko muke yako."

"Na mimi nirudi wapi nikitoka Pinga?"

"Njo hapa utarudi. Lakini usiniambie nikungojee kule."

Nilimwomba aje nami Walikale, akatikisa kichwa. Kule hana ndugu, na mimi mwenyewe kule sikai, napita. Alikuwa na haki. Tuliishi hivyo miaka yote ya pikipiki ile: yeye Nyamitaba, mimi barabarani, na siku mbili tatu za kukaa pamoja kama wageni wanaopendana. Wanaume wa kazi waliniona mtu mkubwa. Nilikuwa na pikipiki.

Sasa niwaambie habari ya daraja, kwa sababu hiyo ndiyo mnayoipenda.

Madaraja ya njia ya Pinga yalikuwa magogo. Kanuni ni moja: shuka, tembea juu yake kwanza, kanyaga kila gogo, tazama lipi limeoza na lipi limehama. Kisha pita taratibu, macho yakitazama ng'ambo, si chini. Siku ile nilishuka, nikakanyaga, nikapita vizuri. Ni baada ya daraja, kwenye mpando mfupi, ndipo tairi la nyuma lilipopata utelezi, pikipiki ikageuka ubavu, ikanilalia. Mguu wa kuume ukawa chini yake. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Nilijaribu kuinyanyua. Katukutuku ningekatupa kama kikapu. Hii haikusogea hata kidogo. Ilizama tu kwenye tope, na injini bado inatoa mvuke. Nikaita. Msitu ulinyamaza kama mtu anayejifanya amelala.

Karibu na hapo, ndani kidogo ya barabara, palikuwa na vibanda vya wagonjwa wa ukoma, waliotengwa na vijiji vyao. Nilikuwa naenda kwao siku hiyo. Mmoja wao alikuwa amesikia pikipiki ikija, halafu akasikia ikinyamaza mahali pasipo pake, akaja kutazama. Jina lake lilikuwa Kibira, mtu mzima aliyekuwa mwindaji. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufupika. Kila safari nilimpa vidonge, akanishukuru, nikaondoka. Hatukuwa tumewahi kukaa.

Alitafuta mahali pa kushika, na kila mahali palikuwa tope isipokuwa bomba la moshi. Akalishika kwa viganja vyote viwili, akavuta.

Nilisikia sauti ya nyama kwenye sufuria.

"Achilia, Papa Kibira. Iko moto."

"Moto gani?" akauliza kwa utulivu, akaendelea kuvuta.

Pikipiki ikainuka kiasi cha kunitosha. Nikajivuta kwa viwiko mpaka mguu ukatoka. Ndipo alipoiachia, akatazama viganja vyake. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye bomba.

"Ah," akasema. "Njo hii ulikuwa unasema."

Mnajua ugonjwa ule unavyofanya. Unaua kwanza maumivu, na maumivu ni mlinzi. Mtu asiye na mlinzi anaungua akiwa anazungumza nawe. Nilimwambia anisogezee kwa mguu wake mkoba wa dawa ulioangukia kando, akausogeza. Nikiwa nimelala kwenye tope nilimsafisha viganja, nikavipaka dawa, nikavifunga. Alipiga magoti mbele yangu, ameinyoosha mikono kama mtoto anayevishwa shati. Mguu wangu ulikuwa unalia peke yake huko chini. Yeye ndiye aliyekuwa akiutazama kwa huruma.

Wenzake walinibeba mpaka kibandani. Mzee mmoja wa pale aliyejua mifupa alininyoosha muundi, akaufunga kwa vipande vya mwanzi na kamba za magome. Naomba mwamini: mfupa ule ulishika vizuri, ninautembelea mpaka leo. Mpita njia mmoja alipeleka habari Pinga, lakini mvua ilikuwa imekata njia, na ilichukua wiki kadhaa kabla ya watu kunifikia.

Katika wiki hizo nilijifunza kuwa upande ule wa njia, upande wa waliotengwa. Watu walionijua, niliowachomea watoto wao sindano, walinisalimia wakiwa barabarani. "Muganga, unaendeleaje?" Waliweka mkungu wa ndizi kwenye njia panda, wakarudi nyuma, wakangoja mmoja wetu aje auchukue. Hawakuwa wabaya. Waliogopa. Lakini nilipoona mkono wa rafiki ukiacha chakula na kurudi nyuma haraka, kama unaotoka mdomoni mwa mbwa, nilijua kitu ambacho sindano hazikuwa zimenifundisha.

Mimi sikuweza kutembea, Kibira hakuweza kushika. Basi yeye alikwenda kuchukua ndizi kwa kuzikumbatia kifuani, mimi nikazipika na kuziponda nikiwa nimekaa, halafu nikamega tonge moja kwangu, tonge moja nikamtia kinywani. Siku za kwanza alifumba macho akipokea. Siku moja akaniuliza, "Wewe uko na muke?"

"Niko naye. Anakaa kwa mama yake."

"Muke yangu alioleka na mwingine. Ni vizuri, alikuwa bado kijana." Akatafuna. "Kabla ya hii ugonjwa nilikuwa napenda kulala peke yangu mu pori. Nilikuwa nasema batu inapiga makelele sana."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote, na nimekaa na watu wengi wasomi ambao sikumbuki walilosema.

Mguu ulipopona nilirudi kazini, na pikipiki ile ile. Mafundi walikuwa wameiosha na kuunyoosha usukani. Nikaomba nipewe tena njia ya Nyamitaba. Daktari akasema mtu anayejua pikipiki kubwa hawezi kupotezwa kwenye ndogo. Alidhani ananisifu. Nikaendelea na Pinga. Sasa nilikuwa nakaa kidogo kwenye vibanda vile, hata kama ratiba ilinifukuza, na ratiba ilinifukuza kweli.

Dawa ile mpya ilikuwa nzuri. Baada ya muda mrefu, daktari mwenyewe alikuja, akapima wagonjwa mmoja mmoja, akamwambia Kibira kwamba ugonjwa wake hauwezi tena kumpata mtu mwingine. Anaweza kwenda kwao. Nilifurahi. Kibira hakufurahi. Aliketi mbele ya kibanda chake, akipekecha udongo kwa kisigino.

"Nikienda na miguu," akaniambia, "watanisimamisha mbali. Watasema, kaa pale pale, tutakuletea chakula. Nitakaa pale pale mpaka nikufe."

"Nitaandika barua."

"Hawasome." Akaiangalia pikipiki. "Lakini ile iko na nafasi ya batu wawili."

Kwa kusema kweli, haikuwa na nafasi. Nyuma palikuwa na sanduku la dawa. Tulilifungua kamba, tukaliacha kwa wenzake, tukatandika gunia lililokunjwa. Nikamweleza: nikiinamia kushoto, inama nami, usipigane na kona. Akasema ameelewa. Lakini mikono yake, mnakumbuka, haikujua kama imeshika au imeachia. Nilihofia ataanguka njiani bila mimi kujua, na yeye bila kujua. Basi alipokaa nyuma yangu na kunizungushia mikono, nilichukua bendeji, nikamfunga viganja viwili pamoja mbele ya tumbo langu. Fundo zuri, la kazi.

Tulikwenda hivyo. Mvua nyembamba ilianza tulipokaribia Pinga. Alikuwa mzito mgongoni, na wa joto, na mwanzoni alitetemeka. Halafu nikamsikia anacheka polepole karibu na sikio langu. Sikumwuliza kwa nini. Mtu yeyote tuliyempita aliona mikono ya Kibira juu ya tumbo la muganga, na kichwa cha Kibira begani mwa muganga. Nilipunguza mwendo kila penye watu. Sijawahi kuendesha pikipiki ile polepole namna hiyo.

Kwao ni kupita Pinga kidogo. Tuliingia katikati ya kijiji, nikazima injini. Watu walitoka milangoni, wakasimama pale pale, kama alivyosema. Hakuna aliyesogea. Mvua inatunyeshea. Nikasema kwa sauti kwamba ndugu yao amepona, kwamba daktari amempima. Maneno yangu yalianguka chini, hakuna aliyeyaokota.

Kisha nikataka kumfungua ashuke, na fundo likakataa. Bendeji ilikuwa imelowa na kukaza. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa usukani. Nilikwaruza, nikavuta, nikashindwa. Tukabaki tumekaa pale juu, wanaume wawili waliofungwa pamoja, kijiji kizima kinatutazama.

Mwanamke mmoja mwenye mvi akatoka kwenye kundi. Akaja hatua chache, akasimama.

"Kibira?"

"Njo mimi, dada."

"Ulikuwa munene kuliko hivi."

"Huko hakukuwa nyama."

Akamtazama kwa muda mrefu. "Basi shuka."

"Siwezi. Nimefungwa."

Akaja mpaka kwenye pikipiki. Alitazama fundo, akajaribu kwa kucha, likamshinda naye. Akainama. Aliweka uso wake juu ya ile mikono miwili yenye vidole vilivyofupika, akalishika fundo kwa meno, akavuta, akatikisa kichwa kama mtu anayekata uzi wa nguo, mpaka likaachia. Akatema kipande cha bendeji.

"Fundo ya muganga iko mubaya," akasema, akamshika kaka yake mkono, akamteremsha.

Watu walianza kusogea. Mtu mmoja akaleta kiti. Mimi nilikaribishwa nikala, lakini mchana ulikuwa unakwisha, na sanduku la dawa lilikuwa limebaki kule kwenye vibanda, na kazi ya kesho ilikuwa inaningoja huko. Kibira alikuwa ndani, naisikia sauti yake katikati ya sauti za watu wengi. Sikumwita nje kuagana.

Niliwasha, nikaondoka. Mvua ilikuwa imenilowesha koti mikononi, kifuani, mabegani, kila mahali. Mgongo tu ulikuwa mkavu, pale Kibira alipokuwa ameegemea. Niliusikia ule ukavu njia nzima, wenye joto bado. Nilipofika Pinga, hapo mgongoni napo palikuwa pameshalowa.